Mguu wa Kulia, Kapteni

Wazazi mliofuatana na watoto wenu, makapteni wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibana kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mnatafuta njia ya kutoroka: hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya helikopta mpya niliyoirusha, nikapewa dakika 20. Rubani ukimpa dakika 20 aeleze chombo, mwandalie na chakula cha jioni. Nitajitahidi.

Kwanza nilisahihishe lile tangazo la mlangoni. Limeniita "rubani wa majaribio", na nilipolisoma niligeuka nyuma kuona ni nani anayekuja. Rubani wa majaribio ni mtu kama Didier Delsalle, Mfaransa aliyetua kwenye kilele cha Everest tarehe 14 Mei 2005 kwa helikopta ya AS350 B3. Watu wa aina hiyo hupelekwa mahali ambapo hakuna anayejua chombo kitafanya nini, nao hurudi na karatasi zilizojaa tarakimu. Mimi nilionja tu. Muuza maembe hukukatia kipande uonje kabla hujanunua. Nami nilikatiwa kipande changu, saa moja na robo ya hewani. Tofauti ni kwamba sikuwa na pesa za kununua embe.

Helikopta yenyewe inaitwa Cabri G2. Cabri kwa Kifaransa ni mwanambuzi. Niliposikia hivyo nilitulia, kwa sababu mimi nimezaliwa Lamu, kwenye punda, na usafiri wenye jina la mnyama haunitishi. Na neno "mpya" mlichukue kwa kiasi. Ni mpya kwangu, lakini kwa wenyewe ni ya siku nyingi. Bruno Guimbal, mhandisi aliyekuwa Eurocopter, kampuni kubwa ya helikopta ya Ulaya, alikuwa na mfano wa kwanza unaoruka mwaka 1992. Cheti cha Ulaya kikatoka Desemba 2007. Ni miaka 15 kutoka kuruka mara ya kwanza hadi kuruhusiwa kuuza! Mzazi anayeniuliza kwa nini mwanawe hajamaliza leseni kwa mwaka mmoja, aifikirie hiyo hesabu kidogo.

Sasa, ili tuelewane, lazima niwaeleze wazazi jambo moja, na wanafunzi mnivumilie. Helikopta ina vitu vitatu vya kushika. Mkono wa kushoto una kolektivu, wenzo unaouvuta juu kama breki ya mkono ya gari, nao huinua chombo. Mkono wa kulia una saikliki, kijiti kinachoinamisha duara la mapanga, yale mabawa yanayozunguka juu, kuelekea unakotaka kwenda. Halafu miguu ina pedali mbili, na pedali ni kwa ajili ya mkia. Kwa nini mkia? Mtu akisimama ndani ya mtumbwi akausukuma ukingo wa gati kwa pondo, gati haliendi kokote, mtumbwi ndio unaosogea upande wa pili. Injini nayo inasukuma mapanga yazunguke huku, na mwili wa helikopta unataka kuzunguka kule. Kile kipanga kidogo cha mkiani ndicho kinachoukatalia, na miguu ya rubani ndiyo inayokiambia kikatae kwa nguvu kiasi gani.

Na hapa ndipo penye kisa changu chote. Helikopta za Kimarekani, ukizitazama kutoka juu, mapanga yao huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Za Kifaransa huzunguka kufuata saa. Kwa hiyo unapoongeza nguvu kwenye ya Kimarekani unakanyaga pedali ya kushoto, na kwenye ya Kifaransa unakanyaga ya kulia. Kila rubani wa helikopta anajua hilo. Limo vitabuni. Nilijibu swali lake kwenye mtihani nikapata alama zote. Mtihani huo, bahati mbaya, niliufanya kwa mkono. Miguu haikuwemo chumbani.

Mimi nimekulia kwenye Robinson. Naomba nimseme vizuri marehemu Frank Robinson kabla sijasifu mbuzi wa watu wengine. Alianzisha kampuni yake mwaka 1973 nyumbani kwake California, helikopta yake ndogo ya R22 ikaruka 1975, ikapata cheti 1979. Aliikusudia iwe chombo cha mtu binafsi, cha kwenda na kurudi zake. Shule za urubani zikaiona ni rahisi kuliko zote, zikaikimbilia, ikawa darasa la dunia nzima bila kuombwa. Alipofariki mwaka 2022 akiwa na miaka 92 nilikaa nikajiuliza: bila mtu huyu, mtoto wa fundi majahazi kama mimi angejifunzia helikopta gani? Jibu ni kwamba asingejifunza.

Lakini R22 ni mwalimu mkali. Mapanga yake ni mawili na ni mepesi. Injini ikizima, una sekunde moja na kitu ya kushusha kolektivu, la sivyo mapanga yanapoteza mwendo, na yakishapungua mno hayarudi tena hata ukiomba kwa lugha saba. Robinson wenyewe hufundisha kwamba mpaka wa hatari ni asilimia 80 ya mzunguko, jumlisha asilimia moja kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Pale uwanja wetu wa Wilson, Nairobi, penye futi 5,500 na ushei, unaanzia asilimia 85 na nusu. Honi ya onyo hulia ikiwa 97. Nafasi iliyopo kati ya honi na kaburi ndiyo hiyo, na ukipanda juu inazidi kubana.

Tena mapanga yale mawili yameshikwa kwenye mhimili kama bembea ya watoto, ile ya ubao. Ukisukuma saikliki mbele ghafla ukajisikia mwepesi, kama gari lililopita tuta kwa kasi, mapanga hayaubebi tena mwili. Mkia unaendelea kusukuma, chombo kinalala upande wa kulia. Rubani kwa mazoea anavuta saikliki kushoto, na kitovu cha mapanga kinaupiga mhimili wake. Hapo hadithi imekwisha. Mwaka 1995 mamlaka ya anga ya Marekani ililazimika kuweka mafunzo ya pekee kwa R22 na ndugu yake mkubwa R44 tu, na sisi wa huku tukafundishwa yaleyale. Sisemi haya kuwatisha wazazi. Nasema kwa sababu kila kitu ndani ya Cabri kinaonekana kama jibu la mtu aliyekaa miaka akiyatazama hayo.

Kiwanda kiko Les Milles, uwanja mdogo wa ndege nje ya Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa. Ukitazama mashariki unauona mlima Sainte-Victoire, mweupe wa mawe, ule Paul Cézanne aliouchora mara nyingi mpaka nadhani mlima ulichoka kukaa tuli. Upepo wao mkuu unaitwa mistral. Ni kaskazi yao, ila kaskazi iliyolala kwenye friji. Siku niliyofika ulikuwa umevuma tangu jana yake, na asubuhi niliyopangiwa ukapoa, ukabaki wa kupuliza kidogokidogo kama mtu anayepoza uji.

Rubani wa kiwanda aliyenipokea alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya chini sana. Kiingereza chake kilikuwa cha Kifaransa, changu cha Kilamu, tukaelewana kwa mikono. Tukaizunguka helikopta pamoja. Nilitarajia kitu cha kuchezea. Mapanga matatu, ya nyuzi na gundi, si ya bati. Upana wa duara mita 7.2. Nyuma ya viti kuna nafasi ya mizigo ya kweli, si ile ya R22 ambapo begi unaliweka chini ya kiti na koti unabaki nalo mapajani. Tangi la mafuta limetengenezwa lisipasuke chombo kikianguka, na viti vimejengwa vikubali kujikunja ili mgongo wako usijikunje. Robinson nao walikuja kuweka matangi ya namna hiyo kwenye mashine zao, na ni vizuri, kwa sababu watu wengi walionusurika kuanguka huuawa na moto unaofuata.

Nilipofungua upande wa injini nikacheka peke yangu. Ilikuwa Lycoming O-360-J2A. Ndugu zangu, hiyo ni injini ileile ya R22 Beta II! Nimesafiri bara zima kuja kuona kitu kipya, nikakutana na jirani yangu. Tofauti ni kiasi wanachoruhusu itumike. Injini ina nguvu za farasi 180. R22 huikamua 124 za mfululizo, 131 kwa dakika tano. Cabri inaruhusiwa 145. Kilichobaki ni akiba, na akiba hiyo nitairudia, kwa sababu ndiyo inayotuhusu sisi wa milimani.

Nikakaa kiti cha kulia. Nafasi ipo, mabega hayapigani. Saikliki inaota sakafuni katikati ya magoti, kama ilivyo kwenye helikopta kubwa. Kwenye R22 ni mti mmoja wa katikati wenye mkono mrefu wa kuvuka, na mwanafunzi wa kwanza huhangaika nao kama anayejaribu kuandika kwa kalamu iliyofungwa kwenye mwavuli. Mbele kuna kioo kimoja kinachokuonyesha mpaka wa nguvu kwa asilimia: hujumlishi tena shinikizo na joto na mwinuko kichwani, unatazama mshale tu. Joto la kabureta linajirekebisha lenyewe. Mwendo wa injini unasimamiwa na gavana, kifaa kinachoushika usipande wala kushuka. Nilijikuta nanyoosha mkono kutafuta kazi za kufanya, sizioni.

Haya. Nikainua kolektivu polepole. Mwili ukawa mwepesi juu ya skidi zake, zile nyayo ndefu za chuma. Pua ikaanza kwenda kushoto. Na miguu yangu, iliyofanya kazi hii miaka 14 bila kuniomba ruhusa, ikakanyaga kushoto.

Pua ikazidi kwenda kushoto. Miguu ikaona haijatosha, ikaongeza.

Mlima Sainte-Victoire, niliokuwa nimeuweka mbele yangu kama alama, ukahamia upande wa kulia ukatoweka. Yakapita mahanga, yale mabanda ya ndege. Likapita gari la mafuta na mtu aliyeshika kikombe cha kahawa. Ukaja mlima tena. Akili yangu ilikuwa inajua kabisa kinachotokea, hata ningeweza kuwaeleza kwa mchoro. Lakini akili ilikuwa abiria.

"Mguu wa kulia, Kapteni," akasema yule bwana, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Nikakanyaga kulia, pua ikasimama. Tukaelea pale, mita moja na nusu kutoka ardhini, mimi nikitokwa na jasho kwenye baridi ya Machi, yeye akitazama kucha zake. Nadhani alikuwa amewaona wengi. Kapteni mwenye saa 2,000 na zaidi za Robinson anatoka Afrika Mashariki na kitabu chake cha saa kwapani, na dakika ya kwanza anazungushwa kama pia. Naona huyu wa mbele anacheka. Cheka, mwanangu. Zamu yako ipo.

Nikaomba tukae pale pale dakika kumi, hakuna kwenda popote. Kuinua, kushusha, kugeuka kulia, kugeuka kushoto. Kitu kingine nikakigundua. Mkia wa Cabri hauna panga la wazi. Una feni ya mapanga saba iliyozamishwa ndani ya duara la mkia. Wafaransa wanaiita fenestron, neno la Kiprovensali, maana yake kidirisha. Ni ubunifu wa kwao kabisa: kidirisha cha kwanza kiliruka tarehe 12 Aprili 1968 kwenye helikopta ya Gazelle ya Sud Aviation. Nami nitaiita kidirisha, maana jina limekuja na Kiswahili chake. Basi kidirisha hakina haraka kama panga la wazi. Panga la mkia la R44 ukiliambia kwa ncha ya kidole gumba cha mguu, linasikia. Kidirisha kinataka mguu mzima, na unataka kuwa umeshaufikiria mapema. Hakina udhaifu, ni namna yake ya kuzungumza. Nguvu kinayo, lakini hakiji mpaka kiitwe kwa sauti.

Hewani Cabri alikuwa mtamu. Niseme upesi, maana sifa za kuruka sawasawa zinachosha kusikiliza. Noti 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa, bila kulalamika, mtetemo mdogo, kelele kidogo, mapanga matatu yanakata upepo bila ule mpigo wa pu-pu-pu wa mawili. Tukapita juu ya mashamba ya mizabibu, tukaona kwa mbali ziwa la Berre likimeta. Nikasukuma saikliki mbele taratibu, nikajisikia mwepesi kidogo, moyo ukaruka kwa mazoea, mapanga hayakujali. Kila panga lina kiungo chake kwenye kitovu, halihitaji uzito wangu ili litii. Kile kifo cha bembea hakimo humu. Kuna kingine kimeingia kwa mlango wa nyuma, nisifiche: mapanga matatu yenye viungo yanaweza kupoteza mpangilio wao chombo kinapogusa chini vibaya, kikaanza kujitikisa, kila mtikiso ukizaa mkubwa zaidi, mpaka ama unyanyue urudi hewani au uzime upesi. Wanafunzi, lisomeni hilo. Mwenye mapanga mawili hana shida hiyo.

Tukapanda futi 1,500. Bwana yule akaniuliza kama niko tayari, akafunga mafuta.

Ukimya unaofuata kila rubani anaujua tumboni. Mkono wa kushoto ukashuka wenyewe, kwa woga wa R22, haraka mno kwa kweli. Bwana akatabasamu, hakuwa na haraka hiyo. Lakini miguu! Injini ikinyamaza, ile nguvu uliyokuwa unaipinga haipo tena, na mguu uliokuwa umekanyaga unageuka kuwa kosa. Kwenye R22 pua hukimbilia kushoto, unaikamata kwa pedali ya kulia. Kwenye Cabri inakwenda kulia, unaikamata kwa kushoto. Nami nilikuwa nimejisomesha dakika kumi nzima kwamba "mguu wa kulia, mguu wa kulia". Nikaukanyaga wa kulia. Pua ikanyooka kuelekea Italia.

Hakusema kitu safari hii. Alinyoosha kidole kimoja kuelekea goti langu la kushoto.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri kuliko nilivyostahili. Noti 50, mapanga yakizungushwa na upepo unaotoka chini, mzunguko umetulia kama umetundikwa kwenye msumari. Karibu na ardhi nikavuta saikliki nyuma kupunguza mwendo, na hapo nikakutana na zawadi ya chombo hiki. Mapanga yana uzito, yamehifadhi nguvu. Kwenye R22, unapovuta kolektivu mwishoni una mvuto mmoja, kama mtu mwenye pumzi moja ya kupuliza mshumaa. Ukipuliza mapema umebaki gizani ukiwa bado juu. Cabri ilinipa mvuto wa kwanza, nikakosea, ikanipa nafasi ya kuurekebisha, ndipo skidi zikagusa nyasi. Mwanafunzi wa saa 20 anahitaji nafasi hiyo kuliko anavyohitaji kitu kingine chochote.

Tukarudia mara nne. Katika kurudi uwanjani nikafanya kosa la tatu, na hilo ndilo lililonifundisha zaidi. Ukiwa kwenye mwendo, lile pezi kubwa la mkiani linafanya kazi ya kunyoosha chombo, kidirisha kinapumzika, pedali ziko karibu katikati. Unajisahau. Unapopunguza mwendo ili utue, pezi linakosa upepo wa kushika na kidirisha kinatakiwa kirudi kazini kwa mara moja, na unaongeza nguvu wakati huohuo. Unahitaji mguu wa kulia mwingi, na mapema. Mimi nikatoa mguu wa kulia kidogo, wa adabu. Pua ikaanza kuteleza kushoto, upepo mdogo wa kulia ukaizidisha. Kiwanda kimewaandikia marubani juu ya jambo hili wazi: kanyaga wa kulia mpaka mwisho, uushikilie, usitie shaka, hata ukiona kama hausikii, utasikia. Kuna watu waliokanyaga nusu, wakaona pua haijasimama, wakadhani mkia umeharibika, wakajaribu kitu kingine. Mkia ulikuwa mzima.

Nahodha wetu wa zamani angeelewa. Jahazi linapogeuzwa kubisha, tanga likiwa halijapata upepo wa upande wa pili, kuna kitambo usukani haukusikii. Asiyejua hapo huanza kuupigapiga huku na huku. Anayejua anaushika na kungoja.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye ile akiba. Injini ya kabureta isiyo na pampu ya kuisukumia hewa hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi 1,000. Wilson ni futi 5,500. Mchana wa nyuzi 25 za joto, wakati hewa ya kawaida ya mwinuko huo ingekuwa nyuzi 4, helikopta yako inajiona iko kama futi 8,000. Chukua farasi 180, toa asilimia 24: wanabaki 137 hivi. Hawafiki wale 145 walioruhusiwa. Maana yake ni kwamba ule mpaka wa kiwandani ambao pale Les Milles, karibu na usawa wa bahari, ulikuwa unanizuia, hapa usingekuwa na kazi; ningeishiwa injini kwanza. Bado ni afadhali, lakini si muujiza. Uzito nao: chombo kitupu kilo 420 na ushei, kikomo kilo 700. Jaza tangi lita 170, hizo ni kilo 120 na zaidi. Wanabaki kilo 150 kwa watu wawili. Mwanafunzi na mwalimu waliokula pilau ya harusi wote wawili watalazimika kuacha mafuta chini. Haya nimeyapiga kwa kalamu, sijayarusha. Atakayeileta hapa ayarushe asubuhi, kabla ya jua.

Kuna sababu moja ningependa kidirisha kije kwetu hata kama hesabu ya uzito inabana. Wote mnajua chopa ikitua kijijini inakuwaje, hasa wakati wa siasa. Nimewahi kutua kwenye kiwanja cha shule, mheshimiwa hajafungua hata mkanda, na watoto wapatao mia wanakuja mbio kutoka pande zote, wengine kutoka nyuma. Panga la mkia likiwa linazunguka halionekani. Macho yanaona hewa. Siku ile mwalimu mmoja wa kike aliwahi mbele ya mkia akanyoosha mikono, akawa ukuta, mpaka nikazima. Sikulijua jina lake, naye hakuwa anajua kwamba alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwenye kitu chenyewe alichokuwa anawazuia nacho. Kidirisha kimezungushiwa ukuta wake. Hakifanyi mkia kuwa mahali pa kuchezea, lakini mtoto aliyekimbia vibaya anakutana kwanza na ukuta huo.

Ningeshauri mwanafunzi ajifunze kwenye Cabri? Kama ipo na mzazi anaweza, ndiyo, bila kusita. Ila nitamwambia mzazi pia kwamba kazi iliyoko hapa ni ya R44, na baadaye, Mungu akipenda, ni ya AS350, ile wanayoiita Écureuil, yaani kindi. Kindi naye ni Mfaransa, mapanga yake yanafuata saa. Kwa hiyo nyinyi mnaojifunza kwa Robinson mtabadilisha miguu siku mtakapompanda kindi, tena wakati huo mtakuwa na abiria watano ndani na kiburi cha kutosha. Mimi nilibadilisha kwa mwanambuzi, kwenye nyasi, na mtu mwenye subira kando yangu. Msikubali kupewa funguo kwa sababu kitabu chenu cha saa ni kinene. Ombeni dakika kumi za kuelea mita moja na nusu. Mtu akiwacheka, mwacheni acheke.

Swali la bei nimeliona limeandikwa kwenye kikaratasi hapa. Sikuuliza. Kuna mambo mtu haumizi roho yake kwa kuyauliza.

Nimebakiza moja, halafu mnikomboe. Nilirudi Nairobi, na wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya R44: mzee mmoja wa heshima anawahi mazishi Kitui. Nikamfunga mkanda, nikamvalisha vipokea sauti, tukaomba ruhusa, tukapewa. Nikainua kolektivu. Na miguu yangu, wanafunzi wazuri kuliko nilivyodhani, ikakanyaga kulia.

Pua ikakimbilia kulia. Nikaiteremsha chini palepale, nikazima injini, nikafungua mlango, nikashuka. Nikaizunguka ile helikopta mara mbili kwa miguu, polepole, nikijisemea: kushoto, kushoto, kushoto. Mzee akatoa kichwa nje.

"Kapteni, ni tairi?"

R44 haina tairi hata moja.

"Ni tairi, mzee," nikamwambia. "Imeshapona. Twende."